Uzi mmoja uliolegea: maana ya ubwege katika fasihi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za utamaduni za gazeti lako siku hizi zimelipenda mno neno "ubwege". Mchezo wa jukwaani ambao mwandishi hakuuelewa ni ubwege. Msongamano wa magari pale Darajani ni ubwege. Hoja ya mchangiaji asiyependeza nayo ni ubwege. Neno moja limetwishwa mizigo ya punda watatu, na anayeumia ni mwanafunzi wa kidato cha tano anayekata vipande vya gazeti, akavibandika kwenye daftari la fasihi, kisha akaingia navyo kichwani katika chumba cha mtihani. Naomba nafasi nilirudishe neno hili mahali pake.

Waingereza wana "absurdity", ambayo ndiyo wahakiki wetu waliyoiita ubwege, na asili yake ni ya kimuziki. Warumi walisema "absurdus" kwa sauti isiyopatana na wenziwe. Ndani yake mna "surdus", yaani kiziwi. Aliyekulia na taarabu hahitaji falsafa kulifahamu hilo. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, aghalabu hufungwa nyuzi tatu tatu, kila kundi likitoa sauti moja. Legeza uzi mmoja kidogo tu, zile mbili ziache kama zilivyo, halafu piga. Sikio litakataa. Kinacholiudhi hasa ni zile mbili zilizokaa sawa, maana hizo ndizo zinazoutoa uovu wa yule mwenzao hadharani. Ukilegeza nyuzi zote za kanuni unapata kelele tupu, na mpigaji anatafuta ufunguo aanze upya.

Kelele hiyo ndiyo upuuzi. Uzi mmoja uliolegea kati ya nyuzi zilizokazwa barabara ndio ubwege.

Maneno yetu mengine yana kazi zake, na hayafai kupokonywa. Upuuzi ni kauli au tendo lisilostahili kujibiwa. Kioja ni jambo la ajabu linalokusanya watu mtaani. Likiisha, watu hutawanyika. Kejeli ina mlengwa, na mlengwa akiondoka kejeli haina pa kukaa. Kinaya ndicho kinachowapotezea wanafunzi alama nyingi, kwa sababu nacho kina mgongano ndani yake: gari la zimamoto linaungua, mganga wa meno hana jino. Lakini msomaji akishakitambua kinaya, kazi yake imekwisha, anatabasamu na kusonga mbele. Ubwege ukishautambua ndiyo kwanza unaanza, kwa kuwa wahusika wanaendelea kuishi ndani yake, wanapika, wanaamkiana, wanaulizana hali.

Liko neno jingine ambalo waandishi wako hawaligusi nalo ni zuri kuliko yote: muhali. Wanamantiki wa Kiarabu walilitumia kwa jambo lisiloweza kuwa kwa namna yoyote, na maana hiyo tunayo mpaka leo tunaposema "hilo ni muhali". Sisi wa visiwani tukaliongezea chumba cha pili: kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumkatalia au kumwajibisha kwa sababu ya haya, ujirani au udugu. (Ni mambo mangapi yameharibika nchi hii kwa muhali wa pili, hilo liandikiwe barua yake.) Neno moja linabeba lisilowezekana na lisilokatalika. Mwandishi wa tamthilia akipewa neno kama hilo bure, na aseme alhamdulillahi.

Muhali wa kwanza ni chombo cha kazi katika hoja. Ukitaka kuonyesha kwamba hakuna namba iliyo kubwa kuliko zote, unaanza kwa kukubali kwamba ipo. Ichukue, iongeze 1. Umepata kubwa zaidi, nayo uliambiwa haipo. Umefika kwenye muhali, basi unarudi ulikotoka na kulifuta lile ulilolikubali mwanzo. Abunuwasi alifanya hivyohivyo bila ubao wala chaki. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea vyote viwili kwa furaha. Akaazima tena, safari hii hakurudisha: sufuria imekufa. Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haifi, akajibiwa kwamba aliyekubali inazaa hana njia ya kukataa kwamba inakufa. Angalia ufundi wake. Abunuwasi hakubishana. Aliichukua tamaa ya jirani, akaitembeza hatua moja mbele, basi.

Hapo ndipo fasihi inapoachana na hesabu. Mwanahesabu akifika kwenye muhali anarudi. Mwandishi wa ubwege akifika hapo anatandika mkeka na kukaa.

Mfano wa kwetu ulio safi kuliko wote ni hadithi ya mwalimu Goso, mojawapo ya ngano za Zanzibar alizozichapisha George W. Bateman kwa Kiingereza huko Chicago mwaka 1901. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanatoka kumtafuta muuaji. Wanaanza na upepo wa kusi, wanaupiga. Kusi inauliza: mimi ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na kiambaza? Wanakwenda kwa kiambaza. Kiambaza kinasema hutobolewa na panya. Panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa na kisu, kisu huteketezwa na moto, moto huzimwa na maji, maji hunywewa na ng'ombe, ng'ombe husumbuliwa na inzi, inzi huliwa na paa. Wanamfikia paa, wanamwuliza. Paa anapigwa na bumbuazi, hasemi kitu. Wanamwua kwa kuwa hakujibu.

Watu wengi huisimulia hii kama hadithi ya kuchekesha watoto, nami naona wanaipunja. Ipime kwa kanuni yetu. Nyuzi zilizokaza ni nyingi: kila jibu ni kweli tupu, kiambaza cha udongo kweli huzuia upepo, panya kweli hukitoboa. Uzi uliolegea ni mmoja tu: dhana kwamba anayeshindwa na mwingine hawezi kuwa muuaji. Wanafunzi hawaihoji dhana hiyo hata mara moja, wanaifuata kwa uaminifu mkubwa. Kisha linakuja lililo chungu zaidi, nalo ni kwamba paa ndiye hasa aliyeliangusha buyu. Njia mbovu tangu hatua ya kwanza imewafikisha kwa mhusika halisi, na kilichomtia hatiani ni kimya chake. Angekuwa na jibu la papo kwa papo kama inzi, wangeendelea na safari. Hivyo haki imetendeka? Hadithi haisemi, na ukimlazimisha mwanafunzi aandike "funzo" lake mwishoni mwa insha unamharibia kitu kizuri.

Ulaya jambo hili lilipata jina katikati ya karne iliyopita. Albert Camus, mwandishi mzaliwa wa Algeria, alilieleza mwaka 1942 kupitia Sisyphus, mtu wa visasili vya Kiyunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani, nalo likifika juu huporomoka, naye hushuka kulianza upya, milele. Walimu hupenda kumfananisha na mtwanga maji kinuni. Wanafanana kwa jasho tu. Anayetwanga maji katika methali hajui kuwa hapati unga, ndiyo maana tunamcheka. Sisyphus anajua, na Camus anamtazama hasa pale anaposhuka mikono mitupu akiwa anajua. Kwa Camus ubwege haukai ndani ya mtu wala ndani ya dunia peke yake, unakaa kati yao: mtu anauliza sababu, dunia inanyamaza.

Ndiyo maana lile jina "ubwege" lenyewe, ingawa wahakiki wamelizoea, lina kasoro. Mtaani bwege ni zuzu. Mwanafunzi akisikia "tamthilia ya ubwege" anatazamia wahusika wapumbavu, na akikosa upumbavu anaubuni kwenye majibu yake. Wahusika hao aghalabu hufikiri kupita kiasi. Kama bwege yupo, basi ni ule ulimwengu unaoulizwa ukatumbua macho. Jina nitaliacha lilivyo, maana limeshaota mizizi, ila mwalimu alieleze kabla ya kuufungua ukurasa wa kwanza.

Camus aliandika ubwege kwa nathari iliyonyooka, hoja baada ya hoja. Waliouingiza katika umbo lenyewe ni watu wa jukwaa. Mei 1950, mjini Paris, ulionyeshwa mchezo wa Eugène Ionesco ambao jina lake lamtaja mwimbaji wa kike mwenye upara, na mwimbaji huyo haonekani kabisa. Mbegu yake ilikuwa kitabu cha Assimil cha kujifunzia Kiingereza: Ionesco aliona sentensi zake zinatangaza kwa uzito mkubwa kwamba sakafu iko chini na dari iko juu. Aliyewahi kupitia vitabu vya kuwafundishia wageni Kiswahili anajua ladha hiyo. Januari 1953 ukaja mchezo wa Samuel Beckett: watu wawili wanamngoja mtu kando ya mti, hafiki, siku ya pili wanamngoja tena, hafiki. Mabadiliko ya jukwaa kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ni majani manne au matano yaliyochipua kwenye ule mti. Mhakiki Martin Esslin ndiye aliyewakusanya waandishi hawa chini ya jina moja, tamthilia ya ubwege, katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wenyewe hawakuwa na chama wala ilani.

Wale wanaosema watazamaji wa kawaida hawawezi kuelewa michezo ya namna hii, Esslin anawajibu kwa tukio la Novemba 1957. Mchezo huo wa Beckett ulipelekwa gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa 1,400. Waliuelewa mara moja. Watu ambao kazi yao ya kila siku ni kungoja hawakuhitaji mhakiki awaambie kungoja ni nini.

Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi aliipeleka riwaya upande huo kwa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Nasi Wazanzibari tuna Said Ahmed Mohamed, ambaye mwaka 1995 alitoa tamthilia ya Amezidi. Wahusika wakuu ni Ame na Zidi. Yaunganishe majina yao upate jina la kitabu, na upate pia kauli nzima juu ya nchi inayoishi kwa kukinga mkono. Huo ni uzi mmoja umelegezwa palepale kwenye jalada.

Pana pingamizi la dini, nalo ni la heshima. Kiarabu huita michezo hii kwa neno "abathi", na neno hilohilo limo katika Suratul Muuminuun, aya ya 115, ambapo viumbe wanaulizwa kama walidhani wameumbwa bure. Muislamu akiambiwa kwamba maisha ni bure, ana haki ya kufunga kitabu. Lakini itikadi ni kitu kimoja na mbinu ni kingine. Mtu aweza kuazima mbinu ya uzi uliolegea akaonyesha kwamba kawaida fulani ya watu ni bure, bila kugusa uumbaji. Goso anathibitisha hilo, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka imani ya bibi aliyemsimulia mjukuu hadithi ile.

Sasa upande wa kazi, maana waandishi chipukizi wa Unguja na Pemba wanajaribu na mara nyingi wanakwama pahali palepale. Nimetunga kipande kifupi ili tuone vipuri vyake. Ni mahali pa msiba, kijijini Pemba. Majamvi yametandikwa, masufuria yako jikoni, watu wamejaa. Mzee mmoja amekaa barazani.

— Maiti yuko wapi?
— Hajafika.
— Yuko njiani?
— Hatujaambiwa.
— Na kaburi?
— Tayari tangu alasiri. Na kaburi halilali wazi.
— Basi tungoje.
— Wali utapoa.
(Kimya. Mmoja mmoja wanageuka kumtazama mzee.)
— Mnanitazama mimi, wanangu?
— Hasha, mzee wetu. Hatukukusudia kukukera.
— Hawa wageni wametoka wapi?
— Wengine Micheweni, wengine Makangale. Wamejilipia nauli.
(Mzee anavua kofia, anaikunja, anaiweka mfukoni.)
— Lo. Muhali.

Kilichopinda ni kimoja: msiba umetangulia maiti. Vilivyobaki vyote vimekaa sawa, jamvi, nauli, wali, adabu ya kuzungumza na mkubwa. Hakuna anayemtisha mzee, na hiyo ndiyo inayomwua. Neno la mwisho linaingia vyumba vyote viwili: haiwezekani, na haikataliki. Mwandishi angemtia mtu mwenye panga, tungekuwa na kisa cha mauaji na ubwege ungekwisha.

Kosa la kwanza la chipukizi ni kulegeza nyuzi tatu nne kwa pamoja. Msiba umetangulia maiti, na mbuzi anasema, na jua limechomoza usiku. Msomaji akikosa pa kushika huacha kushangaa, akasubiri tu liishe. Kosa la pili ni kuleta sababu: mzee alirogwa, au lilikuwa jini, au kijana anazinduka kwenye ukurasa wa mwisho akakuta alikuwa akiota. Jini kwetu ni maelezo kamili. Akishaingia kila kitu kinaeleweka, na kilichoeleweka si muhali tena. Ndoto ni mbaya zaidi kwa sababu inamrudishia msomaji nauli yake. La tatu ni mhusika anayesimama katikati na kusema "jamani, hamwoni kama hili halina maana?" Huyo ni mwandishi aliyejivika kanzu ya mhusika. Mtoe.

Kosa la nne ni dogo kwa macho na kubwa kwa madhara: lugha ya kishairi. Ubwege unataka maneno makavu ya dukani na ya ofisi ya sheha. Kadiri jambo linavyozidi kuwa lisilowezekana, ndivyo sentensi inavyotakiwa kuwa fupi na ya kawaida. "Wali utapoa" ina nguvu kwa kuwa imesikika katika kila shughuli. Badili useme "chakula kitapoteza joto lake kama roho inavyouacha mwili" na umekwishalegeza uzi wa pili.

Jukwaani hatari iko kwa mwigizaji. Akitoa macho, akibinua mdomo, akiwakonyeza watazamaji, amewaambia kwamba hata yeye hasadiki. Aigize kama anayengoja maiti wa kweli na njaa ya kweli. Ile "kimya" iliyoandikwa kwenye mabano ipewe muda wake: mwongozaji ahesabu moja hadi saba moyoni, polepole. Sekunde mbili hazitoshi, watazamaji watadhani mtu amesahau maneno. Wakianza kucheka kwenye tatu wakanyamaza kwenye tano, imekaa. Sufuria liwe sufuria, lenye masizi. La boksi lililopakwa rangi linaharibu kila kitu, kwa sababu vitu vya kweli ndizo zile nyuzi mbili zilizokazwa.

Redioni kimya hakifanyi kazi, kwani msikilizaji huinuka akatazama betri. Hapo weka mwiko unaokwaruza sufuria, mara moja, kisha tena baada ya kitambo, kisha usisikike.

Kuhusu msongamano wa Darajani, Mhariri, neno lake ni msongamano.

Wako,
Mwalimu wa fasihi,
Wete, Pemba.